Sufuria Iliyoifunika Sauti ya Sadoki

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Rachel kilikuwa sufuria. Ilikuwa sufuria ndogo ya alumini yenye mfuniko, imefungwa kwa kipande cha kitenge, naye ameipakata kwenye benchi la nyuma la ukumbi wa usharika. Nilidhani ni loshoro, mahindi ya maziwa ya mgando. Nilikuwa nimepanda kutoka mjini hadi huku juu ya Olmotonyi kutoa somo la haki za mlaji, kazi niliyoifanya kwa kujitolea katika chama kidogo cha elimu kwa wanunuzi tangu nilipohitimu sheria, na nilishazoea akina mama kuja na chakula chao cha mchana.

Nilizungumza juu ya mizani iliyochezewa, mbegu bandia na maziwa yaliyopitwa na tarehe. Watu waliuliza maswali mazuri. Mwishoni akasimama yeye, sufuria mkononi.

"Mwanangu, mtu akikuuzia kitu, ukalipa, ukakaa nacho, halafu siku moja akakifunga akiwa huko huko aliko, hicho kitu ni cha nani?"

"Kitu gani, mama?"

"Sauti."

Ukumbi mzima ulitazama sakafu. Nilijibu kwa haraka kwamba kitu kilicholipiwa ni cha mnunuzi, hakuna ubishi. Alinitazama kwa namna ambayo baadaye niliielewa kuwa ni huruma, akaketi.

Wakati wa chai, mwinjilisti aliomba nimrushie somo langu, nami nikawasha mtandao wa simu yangu ili aunganishe yake. Mama Rachel aliinuka kana kwamba nimewasha moto. Alitoka nje na sufuria yake, akapita migomba ya usharika, akaenda kusimama mbali kule kwenye uzio wa ng'ombe.

"Zima hiyo!" alinipigia kelele. "Zima kwanza!"

Nilizima. Nilimfuata na kuomba radhi, ingawa sikujua kosa langu. Akafungua kitenge, akainua mfuniko. Ndani, juu ya kitambaa safi cha meza, ilikuwapo simu ya zamani ya kioo, haina laini, mgongo wake umevimba kama andazi.

"Ya Sadoki," alisema. "Mume wangu."

Jina lake mwenyewe ni Hanna, lakini kijiji kizima humwita kwa jina la bintiye aliyeolewa Singida. Ana kihamba cha kahawa na migomba, ng'ombe wawili, na goti la kushoto linalomsumbua akishuka mteremko. Sadoki alifanya kazi ya kuotesha miche ya miti, na kwa miaka mingi aliimba besi kwenye kwaya ya usharika. Hanna alikuwa mwenyekiti wa kwaya hiyo. Watu wanasema alikuwa mkali, yeye mwenyewe anasema, "Nilikuwa mkali, sikatai."

Ukali wake ulikuwa na sababu. Albamu yao ya kwanza ilitoka kwenye sahani za CD. Walikuwa wamechanga kwa mnada wa ndizi na kuku baada ya ibada, msimu baada ya msimu, ili wairekodi. Wiki ya uzinduzi haijaisha, vijana wa mjini walikuwa wakizijaza nyimbo hizo kwenye kadi za simu za kila apitaye. Kwaya iliuza kwa shangazi na wajomba zake tu. Hanna alishuka sokoni na gunia, akawa anawapokonya vijana sahani walizodurufu, mmoja baada ya mwingine, huku akilia.

Kwa hiyo ilipokuja albamu ya pili, na ikaja kampuni moja ya usambazaji kutoka Dar es Salaam ikisema inazo nyimbo zenye kufuli, Hanna ndiye aliyepiga makofi kwanza. Mnunuzi angenunua kadi, angekwangua namba kama ya vocha, na nyimbo zingefunguka kwenye simu yake hiyo moja tu. Hazihamishiki. Hazitumwi. Kila simu ikikutana na mtandao, programu ingeiuliza kampuni kama mwenye simu bado anaruhusiwa, na kampuni ingejibu ndiyo.

Siku ya kuiweka albamu wakfu, kadi zile zilipangwa mezani mbele ya madhabahu. Baada ya sala, Hanna aliwaita wanakwaya wote waweke mikono juu ya kadi, akasema maneno ambayo hakuyaandika popote, wala hakuhitaji. "Atakayenakili wimbo huu ameiba sadaka madhabahuni." Na wote wakaitikia amina, Sadoki naye, kwa sauti yake nzito, nyuma kabisa.

Mwezi huo huo alikamatwa Yiamat. Huyu alikuwa kijana wa sauti ya tatu ambaye mama yake anaishi Kisongo, anafuga, na hana simu zaidi ya ile ndogo ya vitufe. Yiamat aliweka simu mbili uso kwa uso mezani, moja ikiimba, nyingine ikirekodi, akampelekea mama yake nyimbo kwenye redio yake ya kadi. Akalisimulia jambo hilo mwenyewe, kwa furaha, kwenye mazoezi. Hanna alimsimamisha mbele ya wote. Kijana alifuta nyimbo kwenye simu yake watu wakiona, akavua joho, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti.

"Alilikunja vizuri," Hanna aliniambia, kana kwamba hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Sadoki alifariki mwaka uliofuata, kwa ugonjwa wa kifua, wakati wa baridi. Laini yake ikatolewa, simu ikawekwa kabatini pamoja na saa yake na kofia yake. Na baada ya hapo, bila barua wala tangazo, ile kampuni ikafungwa. Simu za wanakwaya zilipoiuliza kama wenye simu bado wanaruhusiwa, hakukuwa na wa kujibu. Nyimbo zikajifunga, simu hii leo, simu ile kesho, hadi usharika mzima ukawa kimya. Ya Sadoki peke yake haikujua. Ilikuwa kabatini, haijakutana na mtandao.

Ndiyo maana ya sufuria. Fundi mmoja alimwambia kwamba bati huzuia mawimbi, na Hanna hakutaka kuamini kitufe cha kuzima mtandao, kwa sababu vitufe hubonyezwa kwa bahati mbaya.

*

Aliniruhusu nisikilize. Haikuwa nyumbani. Nyuma ya kihamba chake kuna korongo lenye kijito, la kina, ambako hata simu yangu mpya ilionyesha msalaba mahali pa mtandao. Tulishuka saa za mchana, ukungu wa Meru umeteremka hadi kwenye migomba, yeye ameshika goti, mimi nimeshika sufuria.

Njiani tulimkuta jirani yake, Agnela, akikata majani ya ng'ombe juu ya korongo. Alituona, akakusanya majani yake.

"Mnashuka huko?"

"Tunashuka," alijibu Hanna.

"Basi mimi napanda. Mama Rachel, siku moja utamzoesha, hatarudi alikotoka."

"Akipenda kubaki, nitampikia."

Agnela alicheka kidogo, lakini aliondoka haraka. Nilikuja kujua kwamba watu hawateki tena maji pale mchana. Wamesikia mwanamume akiimba chini ya ukungu, na wote wanaijua sauti hiyo. Hanna hakuwahi kuwaeleza kwa kirefu. Nadhani alipenda wamsikie.

Aliiwasha simu kwa kidole kimoja. Wimbo wa nne ulianza kwa sauti za wanawake, taratibu, zikipanda. Kisha kikaja kituo kifupi ambamo kwaya yote inavuta pumzi ili iingie pamoja. Na katika kituo hicho, kabla ya wengine, mtu mmoja aliingia peke yake: "Tumefika." Neno moja, zito, limewahi. Ndipo wenzake wakamfuata kwa kishindo, "Tumefika mlangoni pako," na sauti yake ikazama ndani ya zao.

"Alikosea," nilisema, na papo hapo nikajuta.

"Alikosea. Mwalimu wa kwaya alitaka turudie, lakini muda wa studio ulikuwa umekwisha. Tulimtania mwezi mzima. Tukimkuta ameketi kusubiri chai tunamwambia, 'Baba Rachel, umefika?'" Alikuwa akitabasamu. "Kwingine kote ni kwaya. Hapo tu ndipo yuko yeye."

Aliuzima mara moja. Husikiliza neno hilo moja tu, asije akaichosha betri.

Nilimwambia jambo ambalo ninyi wasomaji mmekwisha kulifikiri. Nilitoa simu yangu. "Mama, tuiweke karibu na hii, irekodi. Dakika moja tu. Ni matumizi yako binafsi, umenunua, ni haki yako." Nilimweleza kwamba sheria yetu inampa mtu nafasi ya kunakili kwa matumizi yake mwenyewe, na papo hapo inakataza kuvunja kufuli za namna hii, kwamba wataalamu wanabishana vifungu hivyo viishi vipi nyumba moja, lakini hapa hatuvunji kufuli lolote, tunasikiliza tu kwa chombo.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Yiamat naye alisikiliza kwa chombo," alisema.

"Hiyo ilikuwa tofauti."

"Tofauti yake nini, mwanasheria? Yule alizitaka kwa ajili ya mama yake. Mimi nazitaka kwa ajili ya nani?" Alifunika sufuria. "Maneno yale niliyasema mimi, na mikono ya watu ilikuwa juu ya meza. Mkono wa Sadoki ulikuwepo. Sitamwibia sadaka yake ili nimsikilize. Jumapili nitaiomba kwaya inifungue kiapo kile. Wakinifungua, utakuja na simu yako."

Niliutazama mgongo wa ile simu uliovimba. Nilitaka kumwambia asingoje Jumapili. Lakini mzee akishaapa mbele ya kwaya, mimi ni nani wa kumfungua?

*

Ijumaa asubuhi alinipigia kwa simu yake ndogo. "Haiwaki," alisema, akakata.

Tulikutana mjini, dukani kwa Nazir. Ndiye aliyerekodi albamu zote mbili katika studio yake ya Engutoto, enzi alipokuwa na studio. Sasa ana duka la chaja, makava na redio ndogo, na meza ya ufundi nyuma ya kioo. Ni mtu wa umri wa Hanna, mwenye jozi mbili za miwani, moja puani na moja kwenye paji la uso.

"Mama Rachel! Umeniletea chakula?"

"Nimekuletea Sadoki."

Nazir aliacha kucheka. Aliitoa simu sufuriani kwa mikono miwili. Wakati anaifungua kwa bisibisi, sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama hakubakiza nakala ya studio.

"Mkataba ulisema nikishawapa wale wa Dar, nifute. Nilifuta."

"Ukafuta kweli?"

"Binti, mimi nilikuwa mtu pekee Arusha hii nzima aliyefuta." Alivuta betri ile iliyovimba, akaiweka mbali kwenye kisahani. "Unajua hili duka lilikuwa nini? Asubuhi naitoa kazi mpya, mchana naisikia kwenye kila bodaboda ya soko la Kilombero, na hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga mlangoni kwangu. Mwimbaji analia hapa mbele yangu, mimi nalia naye. Wewe unazungumza habari za mlaji. Na mlimaji?"

"Lakini mzee wangu, kufuli lile lilimzuia nani? Wale vijana waliendelea kuuza nyimbo za watu wengine, na za kwaya hii hawakuzihitaji. Aliyefungiwa nje ni mama huyu aliyelipa."

"Nilitaka mlango wenye kufuli," alisema Nazir. "Sikuuliza ufunguo atakaa nao nani. Hapo umenishinda. Lakini usinishinde kwa sauti kubwa, wateja wanasikia."

"Mtagombana mkishaifunga hiyo simu," alisema Hanna.

Betri mpya iliingia. Nazir alituonya kwamba simu iliyokatwa umeme kabisa husahau tarehe, na programu za namna ile hazipendi saa iliyorudi nyuma, hudhani umezidanganya. Alisema atawahi kuirekebisha tarehe kabla programu haijaamka. Kioo kikawaka. Tarehe iliyotokea ilikuwa ya miaka kabla ya albamu kurekodiwa. Kidole cha Nazir kilikwenda haraka kuliko nilivyotarajia kwa mtu wa umri wake, lakini ile alama ya programu ilikwishajitokeza yenyewe juu ya kioo, na chini yake maandishi: *Unganisha mtandao ili kuhakiki.*

Nazir aliirudisha tarehe. Maandishi hayakuondoka. Aliizima, akaiwasha. Hayakuondoka. Mwishowe alimtazama Hanna, na Hanna akatikisa kichwa kukubali, naye akaiunganisha na mtandao wa duka. Kiduara kidogo kikaanza kuzunguka.

Tulikitazama. Mteja alikuja akaulizia chaja, akaondoka bila kujibiwa.

"Inamtafuta nani?" Hanna aliuliza.

"Kampuni."

"Si imekufa?"

"Imekufa, mama."

"Basi itaendelea tu kumtafuta." Alinyoosha mkono, akaifunika simu kwa mfuniko wa sufuria, ingawa sasa haukuwa na kazi tena.

Hakulia. Aliinua macho, na nikaona yamekwama ukutani juu ya kichwa cha Nazir, palipotundikwa redio ndogo ndogo zenye tundu la kadi. Alizitazama muda mrefu hata Nazir akageuka kuona kuna nini.

"Hiyo redio nilikuwa naiona kila siku," Hanna alisema polepole. "Nikifumba macho naiona. Sikutaka kuiangalia."

"Redio gani?"

"Ya Kisongo. Yiamat alifuta ya kwenye simu. Ya mama yake hakuna aliyekwenda kuifuta."

*

Jumapili nilikuwepo kwenye kwaya, kwenye viti vya nyuma. Hanna alisimama mbele yao kama alivyozoea kusimama enzi za uenyekiti, safari hii bila sufuria. Hakuomba kufunguliwa. Alisema simu imekwisha. Alisema alimtoa Yiamat mbele yao, kwa hiyo mbele yao anaomba arudi, na kama nyimbo zipo Kisongo, anaomba zinakiliwe kwa kila aliyenunua kadi, na kama hiyo ni kuiba, basi aandikwe yeye.

Mwalimu wa kwaya aliuliza nani anapinga. Mzee mmoja wa besi alijikohoza, wote wakamgeukia. "Mimi napinga kuchelewa," alisema. Watu wakacheka, na wengine wakafuta macho.

Tulipotoka, Agnela alimshika Hanna mkono. "Mama Rachel, pole na simu. Ila jana mchana ulinitisha. Ulimwimbisha karibu sana, nikaacha mundu wangu kule kule korongoni."

"Jana?"

"Jana, ukungu uliposhuka. 'Tumefika,' kama yuko nyuma ya mgomba."

Hanna alisimama. "Jana sikutoka nyumbani. Nilikuwa nachambua maharage. Na simu iko dukani kwa Nazir tangu Ijumaa."

Agnela aliuachia mkono wake. Walitazamana, kisha wote wawili, kwa pamoja, wakatazama upande wa korongo. Mimi nimesoma na najua masikio huzoea. Najua mtu akisikia kitu mara nyingi mahali pamoja, atakisikia hata kisipokuwapo. Niliwaeleza hivyo.

"Ahsante, mwanangu," alisema Agnela. "Basi ukanichukulie mundu wangu."

Sikwenda.

Jioni ile Hanna alimpigia Yiamat. Namba aliipata kwa mwinjilisti. Kijana sasa anaendesha bodaboda kule Kisongo, karibu na uwanja wa ndege. Hanna aliweka sauti ya nje ili nisikie.

"Shikamoo, mama mwenyekiti."

"Marahaba. Siyo mwenyekiti tena. Ile redio ya mama yako, ipo?"

"Ipo. Hampi mtu. Anaiwasha akikamua, anasema ng'ombe wamezoea."

"Inaimba?"

"Inaimba, ila kadi imechoka, inarukaruka. Mama hupenda wa kwanza, akimaliza anaurudia. Hizo nyingine sijazisikia siku nyingi. Unataka upi? Nijaribu sasa hivi?"

"Usijaribu!" Alipiga kelele kama siku ile ya uzio wa ng'ombe. "Nazir amesema kadi iliyochoka inaweza kusomeka mara moja tu. Atakuja na kompyuta yake ainakili kwanza. Njoo nayo kwangu Jumamosi, ilivyo. Wimbo wa nne, Yiamat."

"Penye 'Tumefika'."

"Hapo hapo."

"Mama, nije kama mgeni?"

"Joho lako nimelifua," alisema Hanna.

Leo ni Jumamosi. Naandika haya kwenye varanda ya Mama Rachel. Nazir amefika tangu asubuhi, amefungua kompyuta yake kwenye meza ya kahawa, na kila baada ya muda anakipangusa kioo ingawa hakina vumbi. Kwaya imekaa kwenye nyasi. Agnela ameleta viti, na amekaa kwenye kile kinachotazama korongo, kwa sababu anasema ni bora kuona. Joho limetundikwa mlangoni, limepigwa pasi, na upepo ukilipitia linajaa kana kwamba kuna mtu ndani. Sufuria iko jikoni. Leo ina loshoro kweli.

Yiamat alisema atatoka Kisongo mama yake akishamaliza kukamua, na kwamba mama huyo anakuja naye, kwa sababu redio haiachi mkononi. Ukungu umeanza kushuka. Pikipiki zimepita nyingi, na kwa kila moja kwaya yote imevuta pumzi pamoja, kisha ikaitoa.

Sasa kuna nyingine inapanda kutoka Olmotonyi. Hanna amesimama. Imepunguza mwendo kwenye kona ya usharika, na hatujui bado kama itanyoosha au itakata kuja huku.